Karani na Bampa la Mawese

Mimi ni mtu wa kushangazwa na nini tena? Nimebeba mapipa ya mawese pale Kibirizi, hapa Kigoma, nikiwa na kaptula moja, ndiyo ya kazi, ndiyo ya kanisani. Nimeona mtu akiuza boti moja kwa watu wawili asubuhi, na jioni akawasalimia wote wawili bila kupepesa. Nimeona bwana mkubwa wa ofisi, yule yule aliyenifukuza getini kwake kwa sababu nanuka dagaa, akija dukani kwangu Mwanga kukopa plagi. Shule niliiacha darasa la nne, nayo haikunitafuta. Leo nina duka la spea, nina nyumba yenye uzio, na nina Benzi jeupe la kubebea maharusi ambalo nililinunua vipande vipande mpaka likatimia likawa gari. Kwa hiyo mtu akinijia mbio, "Mzee, leo nimeona ajabu," namwambia akae kwanza anywe maji. Mimi ajabu zangu zilikwisha zamani.

Sasa niwaambie habari za Karani.

Jina lake analo, lakini hakuna anayelitumia, hata mkewe. Alikuwa karani bandarini, akastaafu, ukarani ukabaki mwilini kama harufu. Tulipakana ukuta huko Kasingirima kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo sikupata kumwona bila kofia ya kushona kwa mkono, kanzu safi, na kalamu mfukoni. Kalamu ya kuandikia nini? Hakuna aliyejua. Alikuwa mtu wa Ujiji, mswahili wa mjini, na mimi nimetoka shambani kule mbele ya Kidahwe, basi hilo alinikumbusha kila siku ya Mungu.

"Mwakeye!" alikuwa ananisalimia juu ya ukuta kwa Kiha, akiivuta sauti kwa makusudi. "Habari za porini?"

"Porini kwema, Karani. Mnyama mmoja tu katoroka, naona kaja kuishi Kasingirima, kavaa kofia."

Anacheka mpaka anakohoa. Hilo nitampa, kwa utani alikuwa hana hasira. Lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu anayejua kwamba akimaliza kucheka, yeye bado ni mtu wa Ujiji na wewe bado ni mtu wa shamba.

Alikuwa na gari, Pijo la zamani lenye mgongo mrefu. Nasema alikuwa na gari kwa heshima tu. Injini ilikufa kabla sijahamia mtaa ule. Kuku walitaga kiti cha nyuma. Matairi yalikuwa yamelala chini kama chapati. Lakini bampa la mbele la gari lile, jamani! Ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Jua la saa nne likilipiga, mwanga uliruka ukuta ukaingia sebuleni kwangu ukatembea juu ya picha zangu ukutani. Mke wangu alikuwa anafunga pazia. Gari halikutembea hata hatua moja, na lilitusumbua kuliko magari yanayotembea.

Kila Jumamosi Karani alilifungua bampa lile kwa spana, akakaa kwenye kigoda, akalilaza mapajani kama mtoto wa kuogeshwa. Pembeni aliweka vitu vyake: msasa wa maji uliokwisha makali, mchanga wa ziwani uliochekechwa mara kadhaa kwa mtandio wa mkewe, majivu ya makapi ya chikichi, kibakuli cha mawese, na matambara ya kanzu kuukuu. Kwanza alifumba macho, akapitisha ukucha. Ukucha ukikwama, alisema, mkwaruzo una kina, anza na msasa. Ukucha ukipita, ni mkwaruzo wa macho tu, anza na majivu. Halafu anasugua kuukata mkwaruzo, halafu anasugua kuufuata, mawese kidogo, majivu kidogo, tena na tena, mpaka tambara linakuwa jeusi na chuma kinakuwa cheupe. Mwisho anafuta kwa tambara kavu na anarudi nyuma kulitazama, kichwa upande.

Nyumba nzima ilinuka kama mtu anapika maharage ya mawese. Nzi nao walifurahi.

"Mkwaruzo haufutiki," alikuwa anafundisha yeyote aliyepita njiani, hata kama mtu kabeba maji kichwani. "Mkwaruzo unashushiwa majirani zake. Ukiwashusha wote wakawa sawa naye, wapi tena mkwaruzo?"

Maneno mazuri. Mimi mwenyewe niliyachukua nikayatumia dukani, wateja wakaona nina akili. Tatizo la Karani ni kwamba neno lake la pili lilikuwa baya. Neno la pili lilikuwa hili: "Chuma ni chuma." Na la tatu lilitoka humo humo: "Fundi ni mwizi aliyeoga. Kila kitu kinatengenezeka nyumbani, bure."

Mimi nauza spea. Mtu anayesema chuma ni chuma, kwangu ni sawa na mtu anayesema mtu ni mtu, kisha akalala nyumba yoyote anayoikuta. Vyuma vinavyong'aa kwenye gari haviko sawa. Kuna chuma cha kawaida kilichovishwa kromu, na ile kromu ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiisugua kwa msasa unaitoboa, na ikitoboka, hakuna majivu wala dua itakayoirudisha. Kuna alumini, laini, inataka mkono wa polepole. Kuna plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa ikajifanya chuma. Na kuna chuma kisichoshika kutu, kitupu kutoka juu mpaka moyoni, ambacho hata ukikisugua mwaka mzima chini yake utakuta kile kile. Haya nilimwambia Karani juu ya ukuta mara nyingi mno.

"Umesoma wapi hayo?" aliniuliza.

"Sijasoma. Nimeuza."

"Aa," akasema, akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hana matumaini.

Watu walimpelekea vyuma vyao kwa sababu hakutoza hata senti. Hapo ndipo ubaya ulipokaa. Fundi akikuharibia, una kauli, ulimlipa. Karani akikuharibia, utasema nini? Umekunywa uji wake wa tangawizi, umekula ndizi zake, mkewe kakufungia na samaki wa kupeleka nyumbani. Maana ukarimu wao haukuwa na kipimo. Sijaona nyumba iliyokuwa haina kitu ikatoa vitu vingi namna ile. Unaingia na wilikapu ya tairi inayong'aa yenye mkwaruzo mmoja, unatoka na wilikapu isiyo na mkwaruzo wala mng'ao, na samaki mgebuka mkononi, na unasema asante.

Mchungaji wa kanisa letu alikuja siku moja na gari lake jipya, shoo ya mbele, ule uso wa gari, imekwaruzwa kidogo na tawi. Kidogo, kama unyoya. Nilikuwa juu ya ukuta kwa upande wangu, nikamwambia, "Mchungaji, hiyo ni plastiki." Karani akanikatiza. Akabisha hodi kwa kidole kwenye ile shoo, kama mtu abishaye mlangoni, akasikiliza. "Chuma," akasema. Akakaa kitako.

Alisugua mpaka adhana ya mchana. Shoo ikatoka nyeusi tii, kama sufuria ya pombe. Mchungaji alisimama pale na Biblia yake kwapani akatafuta neno. Mwishowe akasema, "Karani, umeifanya nyenyekevu." Akaondoka. Karani hakuona aibu. Alinitazama juu ya ukuta akasema, "Siku hizi wanatengeneza vyuma vibaya."

Mnaelewa? Kosa lilikuwa la chuma.

Mkewe, tulimwita Bibi, alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye uzito. Jikoni kwake sufuria zilikuwa zimevaa masizi tangu zamani, maana majivu mazuri na mawese mazuri yalikwenda kwenye bampa. Siku moja nilikwenda kuazima ngazi, nikamkuta amesimama mlangoni anamtazama mumewe anavyolipapasa lile bampa kwa tambara. Hakunigeukia. Akasema tu, "Jirani, ningezaliwa bampa, leo ningekuwa nang'aa." Karani akaitikia bila kuinua kichwa, "Wewe huna mkwaruzo, mke wangu, nikusugue nini?" Bibi akabetua mdomo, lakini nilimwona anavyoingia ndani. Aliingia anatabasamu. Mambo ya wazee hayo, sitaki kuyajua.

Na kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, maana mtaa mzima unalijua na nisiposema watasema mimi nimeficha. Binti yangu mkubwa alijua kusoma barazani kwa Karani. Shule ilikuwapo, ada nililipa mimi, viatu nilinunua mimi. Lakini mtoto alirudi kutoka shule na daftari tupu, akaruka kwenda kwa jirani, akarudi anasoma maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Karani alimfundisha huku anasugua. Herufi alimchorea kwa kidole kwenye mawese juu ya bampa, kisha akazifuta kwa tambara, akamwambia aziandike kwa kichwa. Ndiyo maana binti yangu mpaka leo akisikia harufu ya mawese anasema inanuka shule. Alimwita Babu. Mimi sikupenda wala sikukataza. Karatasi zangu za mapato nazo alinisomea Karani, nitasema kweli, ila alizisoma kwa sauti ya kipaza sauti, mtaa mzima ukajua mambo yangu, na nikitamka neno vibaya alinisahihisha mbele ya watu. Msaada wa namna hiyo ni kama kubebwa mgongoni na mtu anayepiga kelele, "Nimembeba! Nimembeba!"

Haya. Binti akapata mchumba, kijana wa Kasulu, mwalimu wa sekondari, mtoto wa ukoo wa wasomi. Wajomba walimu, mashangazi wauguzi, mpaka bibi yao anavaa miwani. Walipokuja kujitambulisha walikaa kwenye makochi yangu wakayatazama makochi, hawakunitazama mimi. Mjomba mkubwa aliniuliza, "Na wewe mkwe, elimu yako uliishia wapi?" Nikamwambia, "Iliishia yenyewe." Wakacheka kwa adabu. Usiku ule moyoni niliapa: siku ya harusi watu hawa watasimama kando ya barabara, na nitapita mbele yao na Benzi langu, na binti yangu ndani, na hawatauliza tena nimeishia wapi. Watanikuta nilipofika.

Benzi lilikuwa ndiyo cheti changu. Wengine wanatundika vyeti ukutani. Mimi changu kilikuwa na magurudumu, na bampa la mbele la kromu pana kama kifua cha askari.

Wiki ya harusi, sokoni Mwanga, mkokoteni wa mawese ukateleza ukaniparuza pale mbele. Mkwaruzo mmoja, mrefu kama mkono, katikati ya bampa. Niliuangalia nikahisi umepita usoni kwangu. Lakini mimi si mtu wa kulia. Nikapiga hesabu ya kichwani: mkwaruzo ni wa juu juu, ukucha hauingii, nitapaka dawa ya kung'arishia ya dukani kwangu kwa kitambaa laini, utafifia, na utepe wa harusi utaficha kilichobaki. Imekwisha.

Karani akatokea juu ya ukuta. Alinusa mkwaruzo kama paka anavyonusa samaki.

"Lete hapa," akasema.

"Sileti."

"Harusi ya mjukuu wangu, gari liende na donda?"

"Karani, sikiliza. Hii ni kromu. Imepakwa. Ukiigusa kwa msasa wako nitakuzika hai, na mkeo nitamlipa rambirambi."

"Chuma ni..."

"Usiseme!"

Akashuka ukutani. Nilidhani ameelewa. Ijumaa nikaenda kuchukua mchele na kupanga viti, funguo nikaacha nyumbani. Niliporudi jioni, kabla sijafika getini, nikasikia harufu ya maharage.

Benzi lilikuwa limeingizwa uani kwa Karani. Binti yangu amesimama kando, mikono ina hina, machozi yamemlenga. Karani yuko kwenye kigoda, kanzu imeloa jasho, tambara mkononi, amerudi nyuma, kichwa upande. Na pale katikati ya bampa langu, palipokuwa na mkwaruzo, palikuwa na kidonda kikubwa cha rangi ya shaba, mviringo, na kuzunguka ule mviringo rangi ya maziwa yaliyoganda.

"Baba," binti akasema, "Babu aliomba. Alisema ndiyo zawadi yake ya harusi. Ningemkatalia vipi mimi?"

Nilimtazama, nikaona alama ya mawese kwenye kidole chake. Walikuwa wanasugua wote wawili. Sikuweza kumgombeza. Nikamgeukia mzee.

"Karani, umefanya nini?"

Akainua kidole. Sauti yake ilikuwa ya ofisini kabisa. "Mkwaruzo umetoka."

Kesho yake tulifunga utepe na maua ya kutosha jeneza. Tulipotoka kanisani upepo wa ziwa ukaja, ule wa mchana usio na adabu, ukang'oa utepe na maua yote ukavitupa mtaroni. Benzi likapita mbele ya watu wa Kasulu uso wazi. Mjomba mkubwa akainama, akavaa miwani, akavua, akasema kwa sauti ya darasani:

"Mkwe, gari lako limeota choa?"

Walicheka wote. Bi harusi naye, ndani ya gari, nilimwona kwenye kioo ameziba mdomo kwa shela, mabega yanamtikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka, sikuuliza, na sitauliza.

Jumatatu nikampeleka Karani kwa mwenyekiti wa mtaa. Sikutaka pesa yake. Pesa angeitoa wapi? Nilitaka aseme mbele ya watu neno moja tu: "Nimekosea." Maana hicho ndicho kitu ambacho mtu yule hakupata kukitamka tangu mama yake alipomfundisha kusema. Watu walijaa, maana kesi ya bampa haikuwahi kusikika Kasingirima.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, bila kutukana sana. Kisha Karani akasimama, akatengeneza kofia, akatoa kalamu mfukoni akaishika.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mlalamikaji alikuwa anasumbuliwa na kitu gani kwenye gari lake?"

"Mkwaruzo," mwenyekiti akajibu.

"Naomba Mwenyekiti atoke nje, aangalie, aliambie baraza kama mkwaruzo upo."

Mwenyekiti akatoka. Sisi wote nyuma yake. Akachuchumaa mbele ya Benzi, akapitisha kidole, akapitisha ukucha, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasimama akipangusa magoti.

"Mkwaruzo haupo," akasema.

"Kromu je?" nikapiga kelele. "Kromu ipo?"

"Hukulalamikia kromu," Karani akasema. "Ulilalamikia mkwaruzo."

Uwanja mzima ukalipuka. Hata mimi nilisikia kitu kinanitekenya mbavuni, nikakizuia. Kesi ikaisha kwa chai. Mimi sikunywa. Kuanzia siku ile nikapandisha ukuta matofali ya kutosha kuzuia kofia, na sikusema naye.

Nilipita na Benzi lenye choa mji mzima. Kromu mpya Kigoma hupati. Ungepeleka bampa mbali na kungoja miezi, na maharusi hawangoji. Nililipaka rangi ya fedha, ikabanduka. Nikabandika karatasi ya kung'aa, ikakunjamana. Mwishowe nikawa naweka maua tu, na nikawaambia wateja ni mtindo.

Upande wa pili wa ukuta nilisikia Jumamosi zinapungua. Kwanza kusugua kulikuwa kifupi. Baadaye kukawa hakuna. Mke wangu akaniambia macho ya Karani yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na anayatibu nyumbani, kwa asali. Nikasema, "Lazima. Daktari ni mwizi aliyeoga." Nikasema kwa nguvu ili sauti ivuke ukuta. Bibi na majirani wengine walipomshika kwa nguvu kumpeleka hospitali, jicho moja lilikuwa limekwisha, na la pili linaona mchana na usiku tu.

Majuzi Bibi akabisha hodi kwangu. Amesimama getini, hakuingia.

"Mzee anakuita," akasema. "Kasema uje na gari."

Nilitaka kukataa. Lakini Bibi hakupata kuja kwangu kuomba hata chumvi, na ndiye aliyenifungia samaki miaka yote ile. Nikatoa Benzi, nikalizungusha mpaka getini kwao, nikaliingiza uani.

Karani alikuwa kwenye kigoda chake. Kanzu safi, kofia, kalamu. Mwembamba kama mwiko. Pijo lilikuwa pale pale na kuku wake.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Habari za porini?"

"Wamekusalimu."

Akasimama akashika boneti, akashuka nayo kwa viganja mpaka kwenye bampa, akachuchumaa. Alipapasa maua yangu, akayang'oa bila ruhusa akayatupa. Ukucha ukaanza kutembea. Ulipofika pembeni ya lile donda ukakwama kidogo, pale kromu inapoishia. Akaurudisha. Ukakwama tena. Alikaa hapo kwa muda mrefu, ukucha unakwenda na kurudi, kama mtu anayesoma neno gumu.

"Kumbe lilikuwa limevaa," akasema.

"Nilikwambia, Karani. Nilikwambia mpaka koo likakauka."

"La kwangu halikuvaa kitu." Akageuza uso kuelekea Pijo lake, pasipokuwa na haja ya kugeuza. "Miaka yote hii. Nilidhani vyuma vyote vimezaliwa uchi kama hili langu."

Hapo ndipo nilipomwelewa mtu huyu, na dharau yangu kwake haikupungua. Ila sasa nilijua niiweke wapi. Bampa lake lile la Pijo lilikuwa chuma kitupu kisichoshika kutu. Kwa chuma kile kila alichosema kilikuwa kweli. Alipata bampa moja maishani lililokubaliana naye, akadhani dunia nzima imekubali.

Neno "nimekosea" hakulisema. Angelisema, ningeanguka. Badala yake akamwita mkewe, na Bibi akatoka ndani amebeba kitu kirefu kimefungwa kitenge cha sikukuu. Karani akakipokea, akakilaza mapajani kama mtoto.

Lilikuwa bampa la Pijo. Nilifungua kitenge. Nilitafuta mkwaruzo, natafuta kwa chuki kabisa, kwa macho na kwa ukucha. Sikuupata.

"Lifunge kwenye gari lako," akasema. "Mambo yaishe."

"Karani, hili la Pijo. Lile Benzi. Haliingii. Upana tofauti, vishikio tofauti, mkunjo tofauti."

"Chuma ni chuma," akasema.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama, akatikisa kichwa mara moja, polepole. Nikafunga kitenge.

Fundi wa kuchomelea wa Mwanga alipoona kazi aliniuliza kama nimelewa. Nikamwambia afanye anavyofanya, akate vishikio, atengeneze vingine, arefushe, apinde, ila bampa lenyewe asiliguse hata na cheche. Akilikwaruza tutafikishana mbali. Alifunga matambara mawili juu yake kama mgonjwa. Alipomaliza, Benzi langu likawa na mdomo wa gari jingine. Bodaboda pale sokoni hawakuchelewa.

"Mzee, Benzi limeazima meno!"

"Meno ya babu yako," nikawajibu. "Angalia sura yako humo, ukimaliza ukanawe."

Nililipeleka moja kwa moja Kasingirima. Karani akaletwa mpaka mbele ya gari. Akapapasa kushoto hadi kulia, taratibu, na kucha zake zilipita bila kukwama popote. Alipofika mwisho alibisha hodi kwa kidole, akasikiliza, akatabasamu lile tabasamu lake la Ujiji.

"Umeona?" akasema. "Mafundi wangekula pesa zako. Limekugharimu kiasi gani?"

Risiti ya fundi ilikuwa mfukoni mwa shati, bado ina joto la mkono wake. Mimi, ambaye hakuna aliyepata kunidhulumu shilingi nikanyamaza, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema:

"Hata senti, Karani."

Shilingi laki mbili, arobaini na saba elfu na mia tano.